Bi Askwith na Saa Iliyochelewa Dakika Kumi na Moja

Siku ya kwanza nilipomwona Bi Muriel Askwith alikuwa ameketi peke yake katika chumba cha chai nyuma ya studio, akizamisha biskuti kwenye kikombe huku akitazama saa yake ya mkononi. Mbele yake kulikuwa na biskuti za aina tano, zimepangwa juu ya sahani kama watuhumiwa kituoni. Ilikuwa Oktoba 1997, na nje mvua ya London ilikuwa inanyesha bila haraka yoyote. Mimi niliingia kutafuta bisibisi niliyoisahau dirishani. Nilitaka kurudi kinyumenyume, maana si mwepesi wa kuzungumza na nisiowajua, lakini aliinua mkono bila hata kunitazama.

"Bwana, usiondoke. Macho yako mazima?"

"Nadhani, bi."

"Kaa hapo. Biskuti ikikatika ikaanguka, sema 'sasa.' Usiseme kabla, usiseme baada. Na usinionee huruma."

Nilikaa. Biskuti ya kwanza ilikatika upesi, nikasema sasa. Ya pili ikakaa mpaka nikaanza kuiombea. Alikuwa anaandika kwenye kadi ndogo kwa herufi zilizosimama wima, na kila alipomaliza kadi alipuliza wino.

"Kitabu kinasema hii huvumilia nusu dakika," alisema. "Aliyekiandika hajawahi kunywa chai maishani mwake. Jina lako nani?"

"Mbaruku."

"Bwana Mbaruku, andika jina lako hapa chini. Macho yangu mawili ni shahidi mmoja tu. Wewe ni wa pili."

Niliandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba huko Tanga, kisha nikashika randa na msumeno kwa mjomba wangu, na hapo kabla hakuna aliyewahi kuniomba niweke jina langu chini ya jambo lolote isipokuwa risiti ya mbao. Nilirudi kwenye kazi yangu na bisibisi nikaisahau tena.

Kazi yangu ilikuwa jukwaa. Kupanga meza mbili za washindani na meza ya mwenyekiti katikati, kukaza vitufe vya kengele ambavyo wachekeshaji walivipiga kama vimewakosea, kujaza maji kwenye glasi. Mchezo wenyewe uliitwa *Umeipata Wapi*. Wale waliokuwa Uingereza miaka hiyo huenda wanaukumbuka, maana ulirushwa kila Ijumaa jioni, watu wakiwa na sahani zao za samaki na chipsi magotini.

Wachekeshaji walikuwa wanne, wawili kila upande, na mwenyekiti wao alikuwa Desmond Purkiss, mtu mrefu mwenye sauti ya kupakwa siagi. Desmond aliuliza jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulijua: farasi wa jenerali fulani aliogopa nini, au kwa nini mlango wa kanisa fulani umepakwa rangi upande mmoja. Mchekeshaji alijibu lolote lililomjia. Hapo watazamaji wote, watu mia mbili wenye makoti ya mvua mapajani, walipaza sauti pamoja: "Umeipata wapi?" Na yeye lazima aeleze aliipata wapi. Huyu aliambiwa na shangazi aliyeng'atwa na farasi huyo huyo. Yule aliisoma ukutani, katika choo cha askofu. Aliyedanganya vizuri zaidi alipewa alama nyingi zaidi. Kisha Desmond alichukua kadi, kicheko kikatulia, na akasoma jibu la kweli.

Kadi ile ndiyo ilikuwa nguzo ya mchezo. Wachekeshaji waliruhusiwa kudanganya kwa sababu kadi haikudanganya. Na kila kadi ilikuwa na muhuri wa kijani wenye herufi mbili, M.A.

Watafiti walikuwa watatu, wakileta maswali kutoka maktaba na magazeti ya zamani. Bi Askwith alikuwa mkaguzi wao. Sheria yake ilikuwa moja: kila jambo liwe na mashahidi wawili wasiofahamiana. Hakutosheka na vitabu viwili kusema jambo lile lile. Alitaka kujua kitabu cha pili kililipata wapi, na cha kwanza kililipata wapi, akirudi nyuma mpaka afike kwa mtu aliyeona kwa macho yake au karatasi ya siku ile.

"Vitabu ni kama majirani wa nyumba zilizoshikana kuta," alikuwa akiwaambia. "Husikilizana ukutani, kisha kila mmoja anaapa aliona mwenyewe."

Watafiti walimwogopa. Mmoja wao, Colin Tranter, mwanamume wa miaka arobaini hivi, siku moja alikuwa na shahidi mmoja tu na muda umekwisha, akabuni jina la gazeti na tarehe yake. Bi Askwith alisafiri mpaka kwenye ghala la magazeti ya zamani, akakuta tarehe ile ilikuwa Jumapili na gazeti hilo halikuwahi kuchapishwa Jumapili. Alirudi, akamwambia mtayarishaji kwamba yeye na Colin hawawezi kukaa katika jengo moja. Wiki hiyo hiyo Colin aliondoka. Nilimwona akibeba mmea wake wa dirishani. Bi Askwith alimfungulia mlango wa lifti.

Lakini si kwamba alikuwa mkavu. Alikuwa mnene kidogo, sketi ya sufu majira yote, miwani imefungwa kamba, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na sandwichi za yai ambazo alizigawa kwa walinzi. Alicheka kwa mabega, bila sauti. Tulipomaliza kurekodi, palikuwa na kawaida ya kurudia. Desmond alirudi kwenye sentensi alizozikosea, akazisema upya, na watazamaji maskini walitakiwa kucheka tena mzaha waliokwisha kuucheka. Bi Askwith aliichukia saa ile. Alikuwa akitoka chumba cha mitambo na kuja kusimama nami nyuma ya pazia.

"Wasikilize, Bwana Mbaruku. Kicheko cha kughushi. Kingekuwa noti, wangefungwa wote."

Na watazamaji walicheka vizuri tu, maana Waingereza ni watu wa adabu.

Alinizoea kwa sababu nilikuwa kimya. Kila Jumanne kabla ya kurekodi tulikunywa chai pamoja katika chumba kile. Wakati mwingine hatukusema neno mpaka kikombe kikaisha. Wakati mwingine aliniuliza mambo: mbao ya mvule hunuka vipi ikikatwa, kwa nini papa mkavu hauzwi kwa kipande. Nikijibu aliandika, na mara zote aliuliza ni nani mwingine angeweza kusema hivyo. Nilimtajia mjomba wangu. "Yeye hafai," alisema, "ni yeye aliyekufundisha. Nyinyi ni shahidi mmoja mwenye vichwa viwili."

Miaka mitatu na ushei ilipita hivyo.

Machi 2001 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na akakaa nyumbani wiki mbili. Kazi ya kukagua wakampa Fenella, mtafiti aliyekuwa mwangalifu kuliko wenzake. Bi Askwith alirudi Jumanne ya kurekodi, jicho moja limefunikwa. Hakuwa amesoma hata moja ya kadi za siku ile. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake katika chumba cha mitambo, karibu na mtayarishaji, Bi Gwenda Pryce, mwanamke mfupi wa Wales aliyetafuna penseli. Kutoka mahali nilipokuwa nikisimama na jagi la maji niliwaona wote wawili kupitia kioo.

Swali la tano lilikuwa hili. Katika mji mdogo wa Harrowbeck, kaskazini, saa ya kanisa ilichelewa dakika kumi na moja kwa miaka thelathini na moja, na kila mtu alijua, na hakuna aliyeirekebisha. Kwa nini?

Wachekeshaji walilidaka kama paka wanne na samaki mmoja. Mmoja alisema fundi wa saa alikuwa na mguu mmoja mfupi. Mwingine alisema hiyo siyo saa ya kanisa, ni treni ya saa mbili na nusu anayopanda yeye kila siku. "Umeipata wapi?" watu wakapaza sauti, naye akajibu aliipata kwenye ubao wa kituo, na ubao nao ulichelewa. Nimefanya kazi katika mchezo ule miaka tisa na sijapata kuona watu wakicheka namna ile. Mama mmoja mstari wa mbele alivua miwani akajifuta.

Kisha Desmond akasoma kadi. Mwaka 1788 mwoka mikate wa Harrowbeck, Jabez Crowther, alikuwa anaoa. Sheria ya siku zile ilitaka ndoa ifungwe kabla ya adhuhuri. Jabez alichelewa, unga bado uko kwenye viwiko, na mtunza kanisa akapanda mnarani akaizuia saa dakika kumi na moja ili mtu apate mke wake kihalali. Mji ulimpenda Jabez, na mtu yeyote ambaye angeisogeza saa ile mbele angekuwa anasema ndoa yake ni batili. Kwa hiyo waliiacha hivyo mpaka alipokufa.

Watazamaji walisema "aaa," kama wanavyosema wakionyeshwa mtoto mchanga. Mimi nilitazama kioo. Bi Gwenda alikuwa anapiga makofi. Bi Askwith alikuwa amevua vipokea sauti, ameviweka mezani, na mikono yake miwili ilikuwa juu yake kana kwamba vingeruka.

Wakati wa kurudia hakuja nyuma ya pazia. Nilimkuta chumba cha chai, koti limevaliwa, chai haijaguswa.

"Jicho linauma, bi?"

"Jicho ni zima. Kaa, Bwana Mbaruku. Nataka kukuambia jambo, na kesho nitawaambia wao. Nikikuambia wewe leo sitaweza kubadili mawazo usiku."

Nilikaa.

"Ile saa ya Harrowbeck. Hakuna kitu kama hicho."

"Fenella alikosea?"

"Fenella hakukosea. Ana vitabu viwili, wachapishaji tofauti, miaka kumi na minne kati yao. Ningekuwa yeye ningegonga muhuri." Aligeuza kikombe. "Niliitunga mimi. Mwaka hamsini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi wa maktaba, maili tano kutoka pale."

Aliniambia polepole. Kulikuwa na mzee, Amos Lumb, fundi mstaafu wa vinu vya sufu, kifua kimeharibika. Alikuwa na barua ya bibi mzaa babu yake iliyosema amerudi nyumbani kwa saa ya Harrowbeck, iliyochelewa kama kawaida yake. Mzee alitaka kujua kwa nini ilichelewa. Hakutaka kitu kingine duniani. Kila Alhamisi alikuja, akavua kofia, akauliza kama kuna habari. Muriel alitafuta miezi mitatu. Hakuna kitu. Majira ya baridi yaliingia, mzee akawa anakuja akisimama kila hatua kumi kupumua.

"Alhamisi moja nilimwona kupitia dirishani, ameshika nguzo ya taa. Nilikuwa na dakika tano. Nikaandika. Mwoka mikate, harusi, kila kitu. Alipoingia nikampa."

"Alifurahi?"

"Aliketi. Akaisoma mara mbili, akaikunja akaiweka mfuko wa ndani. Akasema, 'Nilijua tu hawakuwa wazembe.' Basi."

Nilidhani amemaliza. Nikasema kwamba kumfurahisha mgonjwa si jambo baya.

"Kama ingekuwa hivyo tu," alisema. "Lakini niliandika na mahali ilipotoka. Kitabu cha kumbukumbu za parokia, ukurasa wa sitini na nne. Uongo usio na namba ya ukurasa ni porojo, Bwana Mbaruku. Nilipoweka namba ya ukurasa ndipo nilipovunja sheria."

Mzee Lumb hakufa majira yale ya baridi. Aliishi miaka minne zaidi, na mwaka 1961 alichapisha kijitabu cha historia ya Harrowbeck, kikauzwa kanisani. Kutoka hapo hadithi ikaingia katika kitabu cha maajabu cha mwaka sabini, kisha kingine cha mwaka themanini na nne. Hao ndio mashahidi wawili wa Fenella, na wote ni wajukuu wa msichana mmoja aliyekuwa na dakika tano.

"Ukikaa kimya?" nilimuuliza.

"Hakuna atakayejua. Ndiyo maana siwezi." Alifunga vifungo vya koti. "Na unajua nilimfanya nini Colin."

Jumatano asubuhi palikuwa na mkutano wa kukata filamu. Kipindi kilitakiwa kiwe tayari Alhamisi adhuhuri. Mimi sikuwa na shughuli mkutanoni, ila niliitwa kurekebisha kiti cha Desmond kilicholia, na Bi Askwith akaniambia nisiharakishe. Kwa hiyo nilikuwa chini ya kiti, na niliyasikia yote.

Alisema kama alivyoniambia mimi, kwa maneno machache zaidi. Fenella alikuwa wa kwanza kujibu.

"Lakini nilitazama vitabu vyote viwili, Bi Askwith."

"Ulifanya sawasawa, mpenzi. Ulikosa hatua moja tu, na hatua hiyo ingekuleta nyumbani kwangu."

"Muriel," alisema Desmond, "ndizo dakika tisa bora tulizowahi kurekodi. Yule mama wa mstari wa mbele karibu tumwitie gari la wagonjwa."

"Niliona."

"Na hakuna mtu aliye hai anayejua."

"Mimi niko hai, Desmond. Naona linakusumbua, lakini ndivyo lilivyo."

Bi Gwenda aliondoa penseli mdomoni. "Tufanye hivi. Desmond anarekodi upya sentensi moja. Badala ya kusema ilitokea, anasema inasemekana ilitokea. Inasemekana si uongo. Watu wamesema."

"Nimesema mimi," alisema Bi Askwith. "Na neno hilo 'inasemekana,' Gwenda, ni mlango wa jikoni. Waongo wote wa dunia hii wamepitia hapo, na wengi wao wamebeba kitu cha watu."

"Basi kipande hicho ukikate wewe basi," alisema Desmond kwa hasira. "Haya, ukate. Tuweke nini dakika tisa? Mimi nikipiga mluzi?"

"Umewahi kufanya mabaya kuliko hayo, na watu wakakaa."

Mtu mmoja alicheka, nadhani mkata filamu. Desmond hakucheka, ila sauti yake ilishuka.

"Muriel, mpenzi. Kila wiki nasoma kadi zako mbele ya mamilioni ya watu. Sijawahi kuitazama kadi mara mbili. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya herufi mbili za kijani. Unataka niwaambie nini sasa?"

"Usiwaambie chochote. Ikate, na uwaambie hawa waliomo humu kwamba mkaguzi wako aliwahi kubuni namba ya ukurasa. Colin alibuni tarehe, nami nikamtoa. Nitamaliza vipindi viwili vilivyobaki, kisha Fenella achukue muhuri. Sasa anajua ile hatua moja."

Bi Gwenda alimwomba. Alimwambia ilikuwa zamani, alikuwa msichana, mzee alikuwa mgonjwa. Alimwambia kwamba bila yeye mchezo utakuwa watu wanne wakipiga kelele. Bi Askwith alisikiliza yote kwa adabu, akashukuru, akasema kiti cha Desmond kinaonekana kimepona na Bwana Mbaruku anaweza kutoka huko chini.

Walikata. Ijumaa ile mahali pa saa ya Harrowbeck waliweka swali la konokono, na lilikuwa la kawaida tu.

Siku yake ya mwisho hakukuwa na sherehe, alikataa. Desmond alikuja chumba cha chai, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akakaa nasi na kula sandwichi ya yai bila kusema mzaha hata mmoja. Alipoondoka Bi Askwith alisema, "Maskini, sijapata kumwona akijitahidi namna hiyo."

Juni alinipigia simu. Alisema bado kuna watu hajawaambia, na alikuwa na maana ya Harrowbeck kwenyewe. Kijitabu cha mzee Lumb kilikuwa bado kinauzwa pale kanisani. Aliuliza kama ningeweza kumsindikiza, kwa kuwa jicho lile halikuwa limezoea ngazi za treni. Nilijua si jicho. Nilichukua siku moja ya likizo.

Harrowbeck ni mji wa mawe meusi na vilima vya kijani, mto unapita katikati ukielekea kwenye mtaro mrefu wa mawe. Tulifika Jumamosi asubuhi. Barabara ilikuwa imejaa watu na vitambaa vya rangi, na mbele ya kanisa palikuwa na meza ndefu ya mikate. Bi Askwith alisimama. Mnarani, saa ilisema saa sita kasoro dakika nne. Yangu ilisema saa sita na dakika saba.

Kasisi alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira. Bi Askwith alimvuta pembeni, karibu na ukuta wa makaburi, akamwambia kila kitu: maktaba, mzee, dakika tano, ukurasa wa sitini na nne. Kasisi alisikiliza huku ameshika keki ya matunda.

"Bi Askwith," alisema mwisho, "unajua leo ni siku gani?"

"Ndilo ninaloogopa."

"Siku ya Jabez. Kila Juni tunazuia saa dakika kumi na moja, na anayeoa mwaka huo ndiye anayepanda mnarani. Shangazi yangu alipanda. Mama yangu alipanda. Tumefanya hivyo tangu mwaka sitini na mbili."

"Lakini hakuna Jabez."

"Kuna jozi thelathini na tisa za wanandoa," kasisi alisema. "Majina yao yameandikwa kwenye kitabu cha parokia. Ukitaka nitakuonyesha ukurasa."

Alituletea. Bi Askwith alikaa kwenye benchi la kanisa akazigeuza kurasa za kitabu kile moja baada ya nyingine, akasoma jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, kwa jicho lake jipya. Kasisi alimwahidi kwamba kijitabu kitakapochapishwa upya wataweka maelezo yake mwanzoni, na jina lake. Kisha akamkatia keki.

Tulitoka tukakaa ukutani. Watu walikuwa wanacheza ngoma zao zile za kupiga vijiti na njuga miguuni. Mimi nilikuwa na neno kooni tangu asubuhi, na kwa kawaida ningelimeza.

"Kwetu tuna methali, bi. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja."

Aliacha kutafuna.

"Bwana Mbaruku," alisema, "hiyo ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote nilizosikia katika miaka arobaini ya kazi. Irudie polepole niiandike."

Niliirudia. Aliandika nyuma ya risiti ya treni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Machi.

Bi Muriel Askwith alifariki Novemba ya mwaka ule, moyo, akiwa amelala. Studio ilivunjwa miaka kadhaa baadaye, sasa ni nyumba za watu wenye nafasi, na mahali pa chumba cha chai pana gereji ya baiskeli. Siku hizi nikiwasikia watu wakibishana juu ya jambo, mmoja hutoa simu mfukoni, anaitazama, na ubishi umekwisha. Hakuna anayeuliza simu iliipata wapi. Simlaumu mtu. Ila nakumbuka mwanamke mwenye biskuti tano na saa ya mkononi, na uzito niliouhisi nikiandika jina langu chini ya lake.

Jioni ile ya Harrowbeck tulishuka stesheni pamoja kuwahi treni ya London. Ilipoingia nilipanda mimi kwanza nikamnyooshea mkono, lakini alibaki jukwaani, mkoba ameukumbatia. Nilishusha dirisha. Nilimuuliza kama ameghairi, au jicho linamsumbua.

"Yule mzee aliyekuwa anauza jamu," alisema, akisogea karibu kwa sababu ya kelele, "ameniambia mtaro wao wa mawe ulichimbwa na mateka wa Kifaransa. Ameapa. Sijaamini hata kidogo. Maktaba yao hufungwa Jumapili, kwa hiyo nitabaki mpaka Jumatatu."